Sindano ya Kuunguza Uvimbe wa Ini Si Anasa kwa Pemba

Miongoni mwa maneno yanayodumaza afya ya wananchi katika visiwa vyetu, hakuna linaloua kimyakimya kama lile lisemalo kwamba saratani ya ini haina dawa. Neno hilo limezoeleka mno. Mgonjwa kutoka Micheweni au Kengeja huletwa hospitali akiwa amekonda, macho yamegeuka manjano na tumbo limejaa maji. Jamaa zake huambiwa wakamtunze nyumbani, na baada ya wiki chache mtaa mzima huwa matangani. Wanaobaki husema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Sisi hatubishani na kadari. Tunabishana na uzembe wa binadamu unaojificha nyuma yake.

Ukweli ni kwamba saratani ya ini ina dawa ikikutwa ingali changa. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Japani na Italia walianza kuua vivimbe vidogo vya ini pale pale vilipo, bila kulipasua tumbo. Matibabu hayo yameenea duniani, yameboreshwa, na leo yanahesabiwa kuwa mojawapo ya njia za kumponya mgonjwa wa ini. Kwa nini basi jambo linalofahamika kwa zaidi ya miaka 40 liwe bado ni hadithi ya mbali kwa mkulima wa karafuu wa Pemba? Hilo ndilo swali la makala hii, na jibu lake linawahusu watumishi wa serikali na walimu kuliko wanavyodhani.

Jinsi sindano inavyofanya kazi

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, maana hofu nyingi huzaliwa na kutojua. Daktari huliangalia ini kwa mashine ya ultrasaundi, ile ile itumikayo kumwangalia mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Akishauona uvimbe, humpa mgonjwa dawa ya ganzi au ya usingizi, kisha hupitisha sindano ndefu na nyembamba kwenye ngozi, mara nyingi katikati ya mbavu, mpaka ncha ifike ndani ya uvimbe. Katika njia ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote, humiminwa spiriti kali inayokausha na kuua chembe za saratani; kazi hiyo hurudiwa kwa siku kadhaa. Katika njia iliyofuata miaka ya 1990, ncha ya sindano hupitishiwa umeme wa mawimbi ya redio. Joto lake hupanda kupita nyuzi 60, na nyama ya uvimbe huiva pamoja na ukingo mwembamba wa ini unaouzunguka. Baadaye yalikuja mawimbi mafupi yanayounguza kwa kasi zaidi. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hurudi nyumbani kesho yake.

Matibabu haya yana masharti, na asiyeyataja huwadanganya wananchi. Yanafaa zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimita 3, na vivimbe visizidi vitatu. Uvimbe mmoja usiozidi sentimita 2 waweza kutibiwa kwa sindano ya joto kwa matokeo yanayokaribiana na ya upasuaji. Spiriti ni hafifu kuliko joto, na uvimbe uliotibiwa nayo hurudi mara nyingi zaidi. Damu yaweza kuvuja, na utumbo au mfereji wa nyongo waweza kuungua endapo mkono si mahiri. Tena ini lililojaa makovu laweza kuotesha uvimbe mwingine mahali pengine, hivyo mgonjwa hana budi kuangaliwa maisha yake yote. Hata hivyo, kati ya kuangaliwa maisha yote na kuzikwa baada ya miezi miwili, hakuna mwenye akili timamu atakayesita kuchagua.

Kasumba ya kwanza

Wapo watu, na wengine wana vyeti vikubwa, wanaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Hoja yao ni kwamba nchi maskini inunue vyandarua na kuchimba visima, na mwenye saratani ya ini avumilie. Hoja hiyo huvaa joho la huruma kwa walio wengi, lakini ndani yake mna kasumba ile ile ya kikoloni isemayo kwamba kuna matibabu ya binadamu wa daraja la kwanza na matibabu ya binadamu wa daraja la tatu. Jambo la kushangaza ni kwamba wanaoihubiri, wakiugua wao au jamaa zao, ndio wa kwanza kuulizia nauli ya ndege kwenda India.

Tuwajibu kwa hesabu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliokusanya habari za wagonjwa wa saratani ya ini katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Nchini Misri, asilimia 76 ya wagonjwa walipata matibabu yaliyolenga uvimbe wenyewe. Katika nchi nyingine nane kwa pamoja, waliopata walikuwa asilimia 3. Nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi zaidi ya miezi 10. Nusu ya wagonjwa wa nchi hizo nane walikuwa wamekwisha kufa baada ya miezi miwili na nusu. Misri ni Afrika. Wakulima wa bonde la Nile si matajiri wa London. Tofauti ni kwamba wagonjwa wengi wa Misri walikuwa wakijulikana na kuangaliwa kabla uvimbe haujakua, na walipoonekana wanao palikuwa na pa kuwapeleka.

Tena tuwaulize hawa wahasibu wa roho za watu: ni nani anayekufa? Katika nchi hizo nane, umri wa kati wa mgonjwa ulikuwa miaka 46. Huyo ni mwalimu mkuu, ni nahodha wa jahazi, ni mama mwenye watoto wanaosoma. Nchi inayomsomesha mtu kwa miaka 16, ikampa kazi, kisha ikamwacha afe kwa uvimbe uliokuwa na ukubwa wa punje ya karanga ulipoanza, haijabana matumizi. Imetupa mtaji wake baharini.

Kasumba ya pili

Kuna na kasumba nyingine, nayo ni ya upande wa pili. Ni ya watu wanaoabudu mashine. Wao hudhani kwamba mashine ya kuunguzia uvimbe ikishateremshwa gatini Mkoani, ikapigwa picha na utepe ukakatwa, saratani ya ini imekwisha. Tumeyaona mengi ya namna hiyo katika bara letu: vyombo vya thamani vilivyofunikwa shuka nyeupe vikingoja fundi, vipuri au mgonjwa anayefaa.

Mgonjwa anayefaa ndiye tatizo. Mashine haiwezi kumtibu mtu ambaye uvimbe wake umefika sentimita 10 na ini limekwisha choka. Na saratani ya ini haina adabu ya kubisha hodi. Ini haliumi ndani yake. Maumivu huanza uvimbe unapokuwa mkubwa na kulisukuma gamba lake la nje. Kwa hiyo anayengoja maumivu ndipo aende hospitali amekwisha chelewa. Uvimbe mdogo hauonekani ila kwa kutafutwa, na hautafutwi ila kwa watu wanaojulikana kuwa wako hatarini.

Watu hao ni nani? Hapa Pemba kuna dhana moja ya aibu inayopasa kung'olewa. Wengi hufikiri kwamba ugonjwa wa ini ni wa mlevi, na mgonjwa hufichwa ndani kwa kuogopa majirani watasema alikuwa akinywa kwa siri. Pombe huharibu ini, ni kweli. Lakini Mpemba asiyewahi kuionja maishani mwake aweza kupata saratani ya ini kwa sababu ya virusi vya homa ya ini aina ya B, alivyovipata siku ya kuzaliwa au utotoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivyo, na kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea katika kanda ya Afrika. Mtoto mchanga akiambukizwa, katika kila watoto 10 hata tisa huweza kubaki navyo maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, walio wengi huvishinda wenyewe. Virusi hupita kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe mmoja unaochanja chale watu watano, na kwa kisu cha ngariba kisichochemshwa. Juu ya hayo huja sumukuvu, ile sumu ya ukungu katika mahindi na njugu zilizohifadhiwa vibaya, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya kwa pigo moja, na ambayo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi hushirikiana na virusi kuliharibu ini.

Hebu tutazame dhuluma moja inayotendeka kila mwaka. Kijana wa Wete au Chake Chake anapata nafasi ya kazi katika nchi za Ghuba. Anapimwa afya, kama sheria zao zinavyotaka, na anaambiwa ana virusi vya homa ya ini. Safari inakufa hapo hapo. Anarudishiwa karatasi yake, anakwenda nyumbani na majonzi, basi. Waajiri wa ng'ambo walimpima kwa faida yao, na walipoona hawafai wakamtupa. Je, sisi wenyewe tumempokea? Kijana huyo ndiye hasa anayepaswa kuandikwa katika daftari, kupewa dawa ikiwa anastahili na kuangaliwa ini kila baada ya miezi sita. Tukimwacha arudi kimya kijijini, tutakutana naye tena baada ya miaka 20, tumbo limejaa maji.

Somo la Jiangsu

Tangu 1964 madaktari kutoka jimbo la Jiangsu la China wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu, na kizazi baada ya kizazi wametibu katika hospitali ya Mkoani. Hospitali hiyo, inayobeba jina la Abdalla Mzee, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Hayo Wapemba wote wanayajua. Wasilolijua wengi ni kwamba ndani ya jimbo hilo hilo la Jiangsu umo mji wa Qidong, kwenye mdomo wa mto Yangtze, ambao wakati mmoja ulikuwa miongoni mwa mahali palipoongoza duniani kwa vifo vya saratani ya ini. Wakulima wake walikula mahindi yenye ukungu na walikuwa na virusi vya homa ya ini kwa wingi.

Watu wa Qidong hawakukaa kitako. Mwaka 1972 walianzisha taasisi yao ya saratani ya ini. Kati ya 1983 na 1990 watoto wachanga walichanjwa katika utafiti mkubwa, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba miongoni mwa waliochanjwa saratani ya ini ilipungua kwa asilimia 84. Chakula chao nacho kilibadilika, mchele ukachukua nafasi ya mahindi, na sumukuvu ikapungua sana.

Lakini somo kubwa kwa hoja yetu liko penye kushindwa kwao. Kuanzia 1989 wanaume zaidi ya 5,000 wa Qidong wenye virusi walifuatiliwa. Baadhi yao walipimwa damu mara kwa mara kutafuta dalili ya saratani. Uvimbe ulionekana mapema zaidi, na bado vifo havikupungua, kwa sababu waliogunduliwa hawakupata matibabu ya maana. Mjini Shanghai, jirani yao, utafiti ulioanza 1993 uliwachukua watu zaidi ya 18,000 wenye virusi au wenye historia ya homa ya ini. Kundi moja lilipimwa damu na kuangaliwa kwa ultrasaundi kila miezi sita, na waliopatikana na uvimbe walitibiwa. Ingawa wengi walikosa zamu zao, vifo vya saratani ya ini katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 37.

Kasumba zote mbili zinakufa hapa. Kutafuta bila kutibu ni kumtangazia mtu kifo chake mapema. Kutibu bila kutafuta ni kungoja wagonjwa ambao hawatafika kwa wakati. Vitu hivi viwili ni mguu wa kulia na mguu wa kushoto wa mwendo mmoja.

Pemba inaweza

Watasema Pemba haina uwezo wa kuwatafuta watu wote hao. Watakuwa wamesahau historia ya kisiwa chao. Ni walimu wa Pemba waliogawa dawa za kichocho na minyoo madarasani, mwaka baada ya mwaka, mpaka kichocho, kilichokuwa kikiwakojoza watoto damu, kikapungua mno. Ni hapa Wawi, karibu na Chake Chake, ambapo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa mwaka 2000 na kuendesha utafiti unaosomwa duniani. Ni visiwa hivi vilivyoishusha malaria mpaka ikawa chini ya asilimia moja. Kisiwa kilichoweza kuwafikia watoto shuleni na watu majumbani hakiwezi kushindwa kuwa na daftari la watu wenye virusi vya ini.

Basi nini kifanyike? Kwanza, chanjo. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika ratiba ya watoto mwaka 2002, nayo huanza wiki ya sita. Ni jambo la kujivunia, lakini wiki ya sita haimwokoi mtoto aliyeambukizwa siku ya kwanza. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Lengo la Pemba liwe kutomwacha mtoto yeyote nje ya saa hizo 24, awe amezaliwa hospitalini au kwa mkunga kijijini.

Pili, kupima. Mama mjamzito apimwe, na anayetolewa damu au kupimwa kwa ajili ya safari, akikutwa na virusi, asiondoke bila kuandikwa na kuelekezwa. Dawa ya kuvizuia, tenofovia, ni kidonge kimoja kwa siku, nacho tayari kimo katika maghala yetu kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI.

Tatu, siku maalumu ya ini katika hospitali za Mkoani, Chake Chake na Wete. Walio katika daftari, hasa wenye makovu ya ini, waangaliwe kwa ultrasaundi kila miezi sita. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtaalamu aliyefunzwa vizuri bila kungoja profesa kutoka ng'ambo.

Nne, njia ya moja kwa moja ya rufaa. Tangu 2018, pale Muhimbili, Dar es Salaam, kumekuwa na mpango, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, wa kuwafundisha madaktari wetu kuongoza sindano mwilini kwa kufuata picha: kutoa usaha na nyongo, kukata vipande vya kupima, kuziba mishipa. Mkono unaojifunza kuifikisha sindano kwenye jipu la ini ndio mkono utakaoifikisha kwenye uvimbe. Mpemba mwenye uvimbe wa sentimita 2 awe na barua yake, nauli yake na tarehe yake katika muda wa wiki chache, asizungushwe baina ya madirisha mpaka uvimbe ufike sentimita 6. Na vijana wa Pemba wapelekwe kwenye mafunzo hayo, ili siku moja kazi hiyo ifanyike Mkoani kwenyewe. Mashine ije siku hiyo, ikiwa na mtu wa kuishika na mgonjwa anayefaa.

Wajibu wetu

Tunawageukia sasa wasomaji wetu, watumishi na walimu. Walio wengi kati yenu mmezaliwa kabla ya 2002, na kwa hiyo hamkupata chanjo hiyo utotoni. Ni wangapi waliokwisha kwenda kupimwa? Mtumishi anayechapa barua za kuwahimiza wananchi wapime afya, naye mwenyewe hajui hali ya ini lake, anafanana na mwalimu anayefundisha hesabu bila kujua kujumlisha.

Mwalimu aweza kulisema jambo hili darasani bila kungoja waraka. Awaambie wanafunzi kwamba njugu iliyoota ukungu haioshwi ikaliwa, bali hutupwa. Kwamba wembe wa mtu ni wa mtu. Kwamba mgonjwa wa ini si mlevi wala mlaaniwa, na kula naye sahani moja hakuambukizi. Karani wa hospitali aweza kuanzisha daftari kwa kalamu na mistari. Mpanga bajeti wa wilaya aweza kuandika kifungu cha vipimo vya homa ya ini, tena akakitetea kikaoni kwa ukali ule ule anaotetea kifungu cha petroli ya gari la ofisi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa kigeni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Saratani ya ini huanza kama ufa mwembamba, na ufundi wa kuuziba umejulikana kwa zaidi ya miaka 40. Pemba ina watu zaidi ya nusu milioni, ina hospitali, ina maabara, na ina walimu waliokwisha kulishinda adui mmoja kwa vidonge na rejista za shule. Ikiwa mwananchi wake ataendelea kuambiwa kwamba ugonjwa wake hauna dawa, basi asiyekuwa na dawa ni uongozi wa idara husika, wala si ugonjwa. Daftari lifunguliwe mwaka huu.